Ubao wa picha wa elfu nane umeishinda tableti ya laki mbili na nusu (uzoefu wangu)

Habari wazazi wenzangu. Mwanangu ana miaka 7, ana mtindio wa ubongo, anasikia vizuri na anaelewa kila kitu ila maneno hayatoki. Mwaka jana nikajichanga nikanunua tableti yuzdi Kariakoo, nikaweka programu moja hivi ya kuongea kwa picha. Jamani! Sauti ni ya Kiingereza, ukiiandikia "nataka maji" inasoma kama mzungu kashuka eapoti jana, halafu mtoto anapiga kwa ngumi maana vidole havikunjuki, akigusa picha moja zinafunguka tatu, na pale barazani juani kioo huoni kitu. Wiki ya tatu wajomba zake walishaigeuza ya katuni.

Dada mmoja wa mazoezi ndo akanitajia ARASAAC, tovuti ya picha za mawasiliano ya serikali ya jimbo la Aragón huko Hispania, michoro elfu kumi na ushee, kachora Sergio Palao, unadaunlodi bure ila hairuhusiwi kufanyia biashara. Nikachagua 12 tu, steshenari wakaniprintia rangi na kulaminetisha, elfu nane yote. Bibi yake, bajaji na bakuli lake nikapiga mwenyewe kwa simu. Nimeweka kubwa, nne kwa karatasi, ngumi itoshe.

Wiki mbili za mwanzo hola, nikataka kutupa. Kumbe kosa langu, nilikuwa namuuliza tu "onyesha maji, onyesha mpira" kama mtihani, wakati natakiwa mimi mwenyewe niguse huku naongea, nikisema mama anataka chai nagusa chai. Nilipobadilika, siku ya nne naleta uji wa ulezi kama kawaida, akapiga ngumi picha ya SITAKI. Nikasogeza kijiko, SITAKI tena, na kicheko juu. Miaka yote anautema nikajua ni shida ya kumeza tu! Siku hizi nampa chapati niliyoloweka kwenye chai hadi ikalainika, hatemi.

Nyota 4. Moja nimekata sababu mate yanaingia pembeni karatasi inavimba, mwambie wa steshenari aache ukingo mpana. Na mtu asiwatishe eti mtoto atakuwa mvivu wa kuongea, niliambiwa hivyo na mwalimu, wangu ndo kwanza kaanza "ma".

Wiki hii naongeza TENA na ASANTE, maana bibi yake kalalamika anaamrishwa tu humu ndani.