Shimo la Mungu, Newala: tulishuka wanne, tukapanda watatu

Naanza na bei maana najua ndiyo mnayoitafuta. Shilingi 40,000 mtu mzima, 20,000 mtoto, kutoka Mtwara mjini hadi Newala na kurudi siku hiyohiyo. Ndani yake kuna usafiri, chakula cha mchana na mtu wa kuwaongoza. Tangazo lilisema matembezi ni ya viwango vyote, kuanzia bibi hadi komandoo. Sisi tulikuwa nao wote wawili. Bibi ni mama yangu, miaka 68, mzaliwa wa kijiji kimoja cha Newala aliyeolewa Mikindani. Komandoo ni mpwa wangu, anakimbia ufukweni kila alfajiri na ana saa ya mkononi inayomhesabia hatua. Katikati yao mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka 9. Kampuni silitaji jina, na mkifika chini mtaelewa kwa nini.

Kwa ambaye hajafika: ukitoka Mtwara kupitia Nanyamba na Tandahimba unapanda polepole bila kujua kwamba unapanda. Ni mikorosho, vijiji, mikorosho tena, ardhi imelala kama mkeka. Ukifika Newala mkeka unaishia. Uwanda wa Makonde unakatika ghafla, na mbele yako ni bonde la mto Ruvuma, ng'ambo yake Msumbiji. Anga likiwa safi unauona uwanda wa Mueda umekaa kule kama pacha wa huu uliosimama wewe, na huko nako wengi ni Wamakonde. Ukingo huo ndio Shimo la Mungu.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, tukafika karibu saa tatu na nusu. Barabara ina vipande vya lami na vipande vya kukumbushana mgongo una pingili ngapi. Ilikuwa Julai, watu wanapuliza salfa mikorosho isishikwe na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, kwa hiyo mwenye pua nyepesi akae mbali na dirisha. Na mwenye ngozi nyepesi abebe sweta. Mtwara mjini tulimcheka mama kwa koti lake la sufu. Tulipofungua mlango wa gari pale juu, ukungu ulikuwa umeshuka hadi usawa wa magoti na upepo unapenya mpaka kwenye fizi. Mama akafunga vifungo vyote, akatuangalia mmoja mmoja, hakusema neno.

Binti akauliza, "Baba, sasa shimo lenyewe liko wapi?" Kweli hapakuwa na kitu. Weupe mtupu, kama ukuta uliopakwa chokaa. Tukanywa chai. Baada ya kama dakika arobaini ukungu ukaanza kuchanika kutokea chini: kwanza vilele vya miti, kisha moshi wa jiko la mtu, kisha njia nyembamba nyekundu, kisha bonde zima. Niliishiwa maneno. Mama akasema, "Ndilo hilo," kama anayemwonyesha mgeni choo.

Sasa njia. Kuna tatu, japo sikuona kibao hata kimoja. Maelezo yote yako kichwani mwa kiongozi. Ya kwanza ni ya ukingoni, tambarare, saa moja kwenda na kurudi bila haraka, unatembea na bonde likiwa mkono mmoja. Hata mwenye goti bovu ataiweza, ila mtoto mshike mkono maana hakuna uzio. Ya pili inashuka hadi kwenye mashamba ya katikati ya mteremko, kama saa mbili jumla, na ina sehemu mbili za kushikilia mizizi. Ya tatu inafika chini kabisa kwenye chemchemi na vijiji vya bondeni. Tangazo liliiandika "saa tatu." Mimi ilinichukua tano, na sikukaa kupiga picha.

Hapo ndipo nilipoona kasoro ya kwanza, na ndiyo kubwa. Tulikuwa watu 11 kwenye gari, njia tatu, kiongozi mmoja. Nikamuuliza, "Kaka, sasa wewe unakwenda na nani?" Akacheka. Akasema kwa kawaida wote huchagua njia moja. Kwa kawaida! Unauza viwango vyote halafu unategemea watu wawe kiwango kimoja. Kijana mwenyewe hana kosa, ni mpole na anaijua kazi. Aliyemtuma peke yake ndiye wa kuulizwa. Mwishowe tulichanga shilingi 15,000 tukachukua vijana wawili wa palepale. Wangu alikuwa amevaa kandambili, na mpaka jioni hakuteleza hata mara moja.

Mama alitembea ukingoni kidogo, akaona kigogo, akakaa. Mpwa wangu akamwambia, "Bibi, twende mpaka chini, nitakushika." Mama akamjibu, "Huko nilianza kushuka meno ya utoto hayajaisha. Nilishuka na mtungi, nikashuka na debe, nikashuka na mimba ya mama yako. Leo nilipe elfu arobaini nishuke tena?"

Nieleze kidogo, maana wageni wengi hawalijui hili. Huku juu hakuna mto. Udongo ni wa kichanga, mvua ikinyesha inazama yote, halafu maji yanatokeza chini kwenye miguu ya mteremko. Ndiyo sababu njia zipo. Hakuna aliyezichonga kwa ajili ya watalii. Zimechimbwa na nyayo za wanawake, na ukiziangalia utaona zilivyopinda pale ambapo mtu mwenye mzigo kichwani angepinda. Mradi wa kusukuma maji kuja juu ulianza miaka ya 1950, enzi za Mwingereza, lakini bomba halikufika kila kijiji, na kijijini kwao mama waliendelea kuamka jogoo wa kwanza ili jua likichomoza wawe wameshapanda. Kwa hiyo kampuni iliyotugawia maji chupa moja ya nusu lita kila mtu, mahali kama hapa, ilinichekesha kwa uchungu. Beba lita mbili zako. Tatu kama unafika chini.

Kushuka kwenyewe ni raha ya uongo. Asubuhi miguu ina nguvu, kivuli kipo, upepo uko mgongoni. Mke wangu na binti walitusindikiza hadi mashambani wakageuka na kijana wa pili. Binti alirudi akiwa na mfuko wa vijiwe na hana manung'uniko, kwa hiyo njia ya pili naisifu kwa watoto wa umri huo. Sisi tuliendelea. Kadiri unavyoshuka joto linapanda, na ukifika chini umehama hali ya hewa kabisa: koti la mama lingekuwa kichekesho.

Kasoro ya pili ni yangu mwenyewe. Nilitoka njiani kwenda haja ndogo nikapita chini ya mtambaazi uliobeba maganda ya rangi ya kahawa yenye manyoya laini. Nikayasukuma kwa mkono. Wenye akili wameshajua. Upupu! Shingo, viganja, ndani ya kiwiko, kila mahali kama nimepakwa pilipili na siafu. Nikakimbilia chupa ya maji, yule kijana akanishika mkono: "Usioshe, mjomba, utazidi." Akanipeleka kwenye kibanda cha shamba, mama mmoja akachota majivu jikoni akanisugua bila huruma huku akiniuliza habari za Mtwara. Ilipungua baada ya nusu saa. Kiangazi vaeni mikono mirefu, na ganda lenye manyoya muliamkie kwa mbali.

Chemchemi ni ndogo kuliko nilivyotarajia. Dimbwi la ukubwa wa sinia la pilau, mchanga chini unachemka polepole pale maji yanapotokea, na kata ya kibuyu imening'inizwa kwenye tawi kwa yeyote apitaye. Nilikunywa. Maji ni baridi na yana ladha ya majani kidogo. Nikajaza ile chupa ya nusu lita kwa ajili ya mama.

Jambo jingine la kuangalia ni simu. Huku bondeni yangu ilinikaribisha Msumbiji mara mbili, kwa Kireno, wakati miguu yangu iko Tanzania. Ya mpwa wangu ilikamata mtandao wa kule moja kwa moja na ikajirudisha saa moja nyuma, maana saa ya Msumbiji iko nyuma ya yetu. Yeye akaiamini. Tukakaa chini ya mwembe tukidhani ni saa sita, kumbe ni saa saba na gari linaondoka saa kumi na moja. Zimeni data, na angalau mmoja avae saa ya mishale.

Kupanda sikuelezi sana. Jua la saa nane, kichanga kinakurudisha nusu hatua kila hatua, na kila ukidhani umefika ukingoni unakuta ni bega tu la mlima. Nilipumzika mara kumi na tatu. Nilizihesabu kwa sababu sikuwa na kingine cha kufanya. Komandoo hakuwa nami. Tulipoanza kupanda alisema anatangulia kwa sababu mwendo wangu unamharibia mapigo ya moyo, akapotelea kwenye kona ya kijiji.

Chakula cha mchana nilikila saa kumi: wali, samaki, mchicha, vyote vya moto na vya kutosha. Hapo kampuni inapata alama zote. Kando ya barabara kuna kinamama wanauza ming'oko ya kuchemsha, mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, ongeza hiyo kwenye bajeti. Nikijumlisha naipa nyota tatu kati ya tano: mahali ni nyota tano, mpangilio mbili. Nimewapigia simu kuhusu kiongozi mmoja kwa njia tatu, wakasema watalifanyia kazi. Mkienda, ulizeni idadi ya viongozi kabla ya kutuma pesa.

Nilimkuta mama kwenye kigogo chake, bakuli la ming'oko mapajani, mpwa wangu pembeni ameshakula na anamsimulia alivyopanda kwa saa moja na robo bila kusimama. Nikampa mama ile chupa. Akanywa funda moja, akatikisa kichwa, akafunga kifuniko. Kisha akainama akashika pindo la suruali yangu, limejaa kishonanguo mpaka magotini, akaanza kunichambua mbegu moja moja kama nilipokuwa mtoto. Akageukia suruali ya mpwa wangu. Safi kabisa, vumbi la barabarani tu.

"Bodaboda ya kutoka bondeni siku hizi ni shilingi ngapi?" akamuuliza.

"Elfu nane, bibi."