Kifurushi cha sabuni ya nazi: mafuta safi, karatasi ya maelekezo itupe

Nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 28,000. Ndani kuna mafuta ya nazi lita moja, kostiki soda (ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) gramu 200, kichupa cha manukato ya mchaichai na kitrei cha plastiki cha kumwagia sabuni igande. Nilikuwa sijawahi kupika sabuni. Muuzaji akanitoa hofu: "Dada, hii hata mtoto anaweza." Mtoto asithubutu!

Karatasi inasema utie kostiki yote. Bahati nilimpigia kwanza mama mdogo wa Kigoma, mpishi wa sabuni ya mawese tangu mimi sijaolewa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha papo hapo: "Una mizani?" Sina. "Basi usiguse kitu, mwanangu."

Nikaazima kwa jirani anayeoka keki. Lita ile ilikuwa gramu 920. Kilo ya mafuta ya nazi hula kostiki gramu 183 hivi, kwa hiyo yangu yalitaka 168 tu. Nilitia 160, mafuta kidogo yabaki bila kugeuka sabuni. Ningetia zote 200, tungechubuka nyumba nzima.

Karatasi haikuandika pia kwamba kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, si maji juu ya kostiki, yasije yakakurukia usoni. Nilifanyia uani, nimevaa glavu, na jagi lilipata moto nikaliacha saa nzima lipoe. Halafu nikachovya upawa wa alumini. Kumbe kostiki hula alumini! Ukachemka povu, ukawa mweusi mkononi mwangu. Ulikuwa wa mama mkwe, na mpaka leo anautafuta.

Nikamimina maji ya kostiki kwenye mafuta, nikakoroga kwa mwiko wa mbao karibu saa nzima, mpaka ikawa uji mzito. Kosa langu mwenyewe: nilikata baada ya siku mbili. Sabuni ya nazi tupu hukauka upesi, ikatwe ndani ya siku ileile. Yangu ilimeguka kama kashata. Nikapata vipande 11 na makombo tele. Nikavipanga juu ya kabati wiki nne, kisha nikalowesha kimoja na kukigusa kwa ncha ya ulimi. Kama bado kinauma mithili ya betri ya redio, hakijaiva. Hakikuuma.

Sasa raha yenyewe. Kisima chetu hapa Kigamboni kina chumvi. Sabuni ya mche tunayonunua huganda tu kwenye beseni. Hii inatoa povu hadi kwenye kiwiko! Mashati ya shule yametakata. Kuogea sisifu sana, inakausha ngozi, natoka bafuni magoti meupe. Nikirudia nitashusha kostiki hadi gramu 135 hivi, mafuta zaidi yabaki ya kulainisha ngozi.

Mafuta nayapa nyota tano, maelekezo sifuri. Nitarudi dukani kununua mafuta peke yake. Yale makombo nimeyafunga ndani ya soksi ya mtoto, tunasugulia visigino.