Waipa ya nyuma: raba mpya haikusaidia kitu

Gari yangu, Toyota IST, inalala nje, Kirumba, Mwanza, jirani na ziwa. Asubuhi kioo cha nyuma kimejaa wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi, na waipa badala ya kufuta inawapaka kama siagi. Nikanunua raba mpya kwenye duka moja la spea mjini, shilingi 15,000, muuzaji akaapa ni orijino. Sikuona tofauti. Katikati ya kioo, palepale ninapotazama, pakabaki na ukungu.

Jumamosi nikapita kwa fundi wa chini ya mwembe, Nyakato. Raba hakuigusa. Aliinua mkono wa waipa kwa kidole kimoja, akauachia. Ukarudi kivivu, haukupiga kioo.

"Mama, springi imechoka na hiki kiungo kimeshika kutu. Hakikandamizi. Ungefunga hata raba kumi."

Akabandua kifuniko, akafungua nati kwa spana, akaniletea mkono mwingine wa gari bovu, akaupaka oili kwenye kiungo na kuuchezesha mpaka ukalainika. Kioo akakisugua kwa sabuni ya unga, maana kilikuwa na mafuta. Kisha akamwaga maji ya chupa: pasi mbili tu, kikavu.

Mkono 10,000, ufundi 5,000. Risiti hana, na nilikaa saa nzima kwenye benchi bovu nikisubiri amalize kwanza Noah ya mtu. Ila jana kwenye mvua niliiona bajaji iliyokuwa nyuma yangu, mpaka abiria wake.