Cherehani ya bibi na kutu ya Pangani: dawa ya chupa, magadi na shelaki

Cherehani ya marehemu bibi ilikaa miaka kumi na minne kwenye ukumbi wa nyumba yake Pangani, karibu na mto unapoingia baharini, mahali ambapo hata komeo la mlango lisipopakwa mafuta linakatika mkononi. Bibi alishonea hapo sare za shule za nusu ya mtaa. Mama mkubwa alipoamua kuifunga ile nyumba alinipigia: "Mwanangu, mtu wa vyuma chakavu yuko mlangoni. Unaitaka au nimpe?" Nikamwambia amwondoe, nakuja. Ijumaa hiyohiyo nilikuwa kwenye basi.

Ni Singer 15K ya miguu. Namba yake inaanza na herufi mbili, ya kwanza E, yaani imetoka kiwanda cha Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980. Ile K ni ya Kilbowie, eneo kilipojengwa kiwanda chenyewe. Nilipoifikisha kwangu Kigamboni hali ilikuwa hivi: gurudumu la mkono limeganda halisogei hata kidogo, mbavu mbili za miguu, yaani vile vyuma vya pembeni vinavyobeba meza, zina kutu inayobanduka tabaka kwa tabaka kama chapati, ubavu mmoja una ufa karibu na pedali, na meza ya mbao imevimba kona ya kushoto na kujaa duara nyeupe za vikombe. Imenichukua miezi saba. Naandika kwa ajili ya yeyote anayetaka kuokoa chuma au samani iliyokaa pwani, maana ushauri mwingi niliousoma umeandikwa na watu wasioijua hewa ya chumvi.

Nianze na kile ambacho hakikunifaa. Nilinunua dawa ya kutu ya chupa, ile ya maji meupe kama maziwa unayopaka juu ya kutu ikageuka nyeusi. Sitaitaja jina. Kazi yake inaeleweka: ndani yake mna tanini, kemikali ya mimea, nayo inaungana na kutu na kufanya utando mweusi mgumu unaopokea rangi. Nilikwangua kwa brashi ya waya, nikaosha kwa maji ya kisima chetu, nikaacha juani, nikapaka mara mbili. Ilipendeza sana. Nikaweka redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha rangi nyeusi ya mafuta, nikapiga picha nikamtumia mama mkubwa, akafurahi. Hiyo ilikuwa Februari. Masika ilipofika katikati, rangi ilikuwa imeota malengelenge madogo upande wote wa chini. Nikatoboa moja kwa ncha ya kisu, ndani mna maji ya rangi ya chai na kutu mbichi.

Iliniuma, maana nilidhani nimemaliza. Nikakwangua sehemu moja hadi chuma kitupu, nikaiacha barazani usiku mmoja. Asubuhi chuma kilikuwa kinalia: matone madogo ya mviringo, ya rangi ya kahawia, yamekaa juu ya vishimo kama jasho kwenye paji la uso, na hakukuwa na mvua. Hayo matone ndiyo yaliyonifundisha kila kitu kuhusu kazi hii. Ni chumvi. Hewa ya bahari inaingiza chumvi kwenye kutu, inashuka hadi kwenye vishimo vya chini kabisa, na ikishakaa pale inavuta unyevu wa hewani na kukila chuma hata kama juu umefunika kwa rangi ya bei gani. Dawa ya chupa inageuza kutu nyembamba iliyoshikamana vizuri na chuma. Haitoi chumvi, wala haifiki chini ya kutu nene. Na mimi nilikuwa nimeosha kwa maji ya kisima ambayo ukiyaonja tu unasikia chumvi, yaani niliongeza adui kwa mkono wangu. Dirisha la Dodoma au Tabora lenye kutu ya juujuu ningelipaka dawa hii bila wasiwasi na ningeipa nyota nne. Kwa chuma cha Pangani naipa mbili.

Baada ya hapo nilihamia kwenye magadi na umeme, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kazi ilipofanyika.

Nilichukua pipa la plastiki la lita 100 na kulijaza maji ya mvua. Nikatia magadi laini, yale ya unga wanayotumia watengeneza sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne, kwa hiyo vijiko 25. Usitumie magadi ya mawe ya kupikia maharage, kwa kuwa yana chumvi ndani yake na chumvi ndiyo tunayoikimbia. Pembeni mwa pipa nikasimamisha vipande vinne vya nondo ya milimita 12, nikaviunganisha kwa waya. Ubavu wa cherehani nikauning'iniza katikati kwa waya, usiguse nondo hata moja. Halafu chaja ya betri ya gari ya volti 12: kibanio cheusi, cha hasi, kwenye ubavu wa cherehani, kibanio chekundu, cha chanya, kwenye nondo. Hili lishike kabisa. Ukigeuza, nondo itabaki salama na cherehani ya bibi yako ndiyo itakayoliwa.

Chaja yangu ya kisasa ilikataa kuwaka. Kumbe hizi mpya zinatafuta betri kwanza, zisipoiona hazitoi umeme. Nikaazima kwa jirani anayechaji betri za bajaji, yeye ana chaja ya zamani, nzito kama tofali, haiulizi kitu. Nilipowasha, ndani ya dakika moja ubavu wote ukaanza kutoa mapovu membamba, kama soda iliyofunguliwa taratibu. Baada ya saa moja juu ya maji kukawa na povu la kahawia. Kesho yake, baada ya saa kama 20, nilizima, nikautoa ubavu, na ile kutu niliyohangaika nayo kwa brashi wiki nzima ikatoka kwa kidole, tope jeusi laini. Chini yake nikaona maua ya chuma yaliyomiminwa pale kiwandani, na neno SINGER lenye kingo kali ambazo sikuwahi kuziona hata nilipokuwa mtoto nikicheza chini ya meza hiyo.

Rangi ya zamani nayo ililegea na kutoka yenyewe. Hilo ni jambo zuri kwa afya pia, kwa sababu rangi za miaka ile mara nyingi zilikuwa na risasi, na kuzipiga msasa mkavu ni kuvuta sumu. Mapovu yale ni haidrojeni, inayowaka, kwa hiyo pipa likae nje, mbali na jiko na sigara. Zima chaja kabla ya kutia mkono. Usitumie chuma kisichoshika kutu badala ya nondo, kinatoa sumu ya kromiamu kwenye maji. Springi usizitie, zinakuwa dhaifu na kukatika. Hizo nilizisafisha kwa mkono na mafuta ya taa. Wala usitie shaba au aluminiamu.

Watu wengi wanaishia hapo na kukimbilia rangi. Mimi niliyaogopa yale matone. Nikamwaga maji yote, nikaandaa mapya na magadi laini, nikaloweka mbavu zile bila umeme kwa wiki tatu, nikibadilisha maji kila wiki. Wataalamu wa makumbusho wanafanya hivyo kwa mizinga na nanga zilizotolewa baharini, wanaziloweka kwenye maji ya namna hii kwa miezi, nyingine kwa miaka, ili chumvi itoke polepole. Kisha nikasuuza kwa maji ya mvua mara tatu, nikafuta, nikaanika kwenye jua la saa saba. Chuma kilichotoka hivi kinashika kutu mpya nyembamba ndani ya nusu saa, ni kawaida, unaipitisha msasa namba 240 na kuifuta kwa tina. Nikarudia lile jaribio la kukiacha barazani usiku mmoja. Asubuhi, kikavu. Sikuona hata tone. Nilimwita mke wangu aje aone chuma kikavu, naye kwa upole wake akaja akaangalia.

Redoksaidi mikono miwili, usiku mzima kati ya mmoja na mwingine, halafu rangi nyeusi ya mafuta mikono miwili. Masika ya pili imeshapita. Hakuna lengelenge.

Kuhusu ule ufa, nina malalamiko. Kabla sijajua lolote niliupeleka ubavu kwa fundi wa kuchomelea wa karibu. Akatazama, akasema ni kazi ya dakika tano, akapiga fimbo za kawaida za umeme. Ulipopoa tukasikia "tak", na ufa ukawa mrefu zaidi ya mwanzo, sasa unapita pembeni ya mchomeleo wake. Miguu hii si chuma cha geti. Ni chuma cha kumimina, kigumu na kinachovunjika kama chungu, na kikipashwa moto mahali pamoja ghafla kinapasuka. Alichukua hela yake na hakunirudishia hata nusu. Fundi mmoja mzee wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ndiye aliyeniokoa. Aliupasha ubavu wote kwanza kwa gesi, taratibu, huku akigusa kwa kijiti kuona kama kinatoa moshi, kisha akaunga ufa kwa fimbo za shaba, na alipomaliza akaufukia kwenye debe la majivu hadi kesho yake ili upoe polepole. "Hiki hakitaki haraka, mwanangu," ndivyo alivyoniambia. Mstari wa shaba unaonekana ukiutafuta chini ya rangi. Siufichi. Kama una kitanda, benchi au cherehani ya chuma cha kumimina, muulize fundi wako kwanza ataipashaje moto na ataipoozaje. Akishangaa swali, ondoka na mzigo wako.

Kichwa cha cherehani hakikwenda kwenye pipa, na chako kisiende. Ile rangi nyeusi na maua ya dhahabu vimefunikwa na utando wa shelaki, vanishi ya asili ya zamani, na spiriti inauyeyusha mara moja. Nilifuta kwa pamba na mafuta ya cherehani tu, inchi kwa inchi, jioni nne. Kilichokuwa kimegandisha gurudumu hakikuwa kutu. Mtu aliwahi kukipaka mafuta ya alizeti, nayo yakikaa yanakuwa kama gundi. Matone ya mafuta ya taa kwenye kila tundu la kutilia mafuta, kichwa juani mchana, kujaribu gurudumu kwa upole jioni. Siku ya sita likasogea upana wa kucha. Siku ya saba likazunguka.

Meza nilitaka kuipiga msasa wa mashine na vanishi ya kung'aa, nashukuru sikufanya. Juu ya mbao mna vinia, utando wa mbao nzuri usiofika hata milimita moja, na mashine ingeumaliza kwa pumzi moja. Kwanza nilijua kuna nini juu yake: pamba yenye spiriti chini ya meza pasipoonekana, pakanata, basi ni shelaki. Kama pangenata kwa tina tu ingekuwa laka, vanishi ya aina nyingine. Ile kona iliyovimba nilipenyeza gundi nyeupe ya mbao kwa sindano ya hospitali, nikaweka karatasi ya kuokea, ubao, na kinu cha kutwangia juu yake hadi asubuhi. Kisha stiliwaya laini kabisa yenye spiriti kufuata mistari ya mbao, na duara za vikombe zikayeyuka pamoja na shelaki kuukuu. Shelaki mpya niliiyeyusha mwenyewe, vipande gramu 200 kwa lita moja ya spiriti, usiku mmoja, nikapaka kwa fundo la pamba lililofungwa kwenye kipande cha shuka kuukuu. Mikono minane myembamba, kila mmoja unakauka kabla hujamaliza kunywa chai. Fanya siku kavu, kwani hewa ikiwa na unyevu shelaki inageuka nyeupe kama ukungu. Naipa nyota tano kwa uzuri, nne kwa matumizi, kwa sababu haivumilii kikombe cha moto, na nyumba yangu ni ya wanywa chai. Nimeweka kitambaa.

Mkanda wa ngozi nilinunua mpya, bei yake ni ndogo kuliko chochote kingine kwenye kazi hii.

Mama mkubwa alikuja Kigamboni mwezi uliopita. Hakuniuliza kitu. Alivua viatu, akakaa, akaweka mguu wa kulia mbele na wa kushoto nyuma kama bibi alivyokuwa anaweka, akasukuma gurudumu kuelekea kwake, na pedali ikaitika. Akashona foronya mbili za kitenge. Alipomaliza alifungua droo ya kulia akitafuta mkasi, akabaki na kitasa mkononi. Ile mbao ya nyuma ya kitasa imeliwa na mchwa na sijaigusa bado. Nimeshanunua kipande cha mninga.