Uzoefu wangu na kihisi cha mapigo ya moyo cha MAX30100

Laiti muuzaji angesema tu kwamba hajui, nisingeandika haya. Kihisi hicho nilikinunua katika duka moja la vifaa vya elektroniki Kariakoo, mwanzoni mwa muhula huu, kwa nia ya kuwaundia wanafunzi wangu wa fizikia kipima mapigo ya moyo kwa kutumia Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta ya kujifunzia, iliyokuwa imelala kabatini. Waya ni nne tu: wa umeme, wa ardhi, na miwili ya mawasiliano, wa SDA (data) kwenda tundu la A4 na wa SCL (saa ya kupimia mwendo wa data) kwenda A5. Nilipakia programu, nikaweka kidole mbele ya darasa zima, na kompyuta ikaandika kwamba imeshindwa kukiona kihisi. Mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza, kwa adabu zote, iwapo mwalimu ana moyo.

Nilirudi dukani. Muuzaji hakukigusa kihisi wala hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Alisema, "Kaka, hapo waya hujaunga vizuri, hivi vitu vinataka watu waliosoma," kisha akanionyesha kwa kidole maandishi ya chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nimefundisha saketi kwa miaka mingi kiasi cha kutosha kujua waya uliounganishwa na usiounganishwa, na maneno yale yalinikera hata nikaapa kwamba sitanunua tena duka lile wala sitamshauri mtu yeyote anunue kihisi hiki popote.

Kosa, kumbe, limo ndani ya bodi yenyewe iliyobeba kihisi. Bodi hizi za kijani zina rezista (vipingamizi vya umeme) tatu zinazovuta nyaya za mawasiliano kuelekea volti 1.8, ilhali Uno hufanya kazi kwa volti 5 na haitambui 1.8 kuwa ishara iliyopanda. Ungeunga waya hata kwa dhahabu, visingesikilizana. Tatizo hili linajulikana sana kwa waundaji wa vitu hivi, nami siwezi kuelewa mtu anawezaje kuuza bodi hiyo kila siku bila hata kumwonya mteja.

Aliyeniokoa ni fundi simu wa mtaani kwetu, anayefanya kazi chini ya mwavuli. Aliishika bodi kwa kibanio, akaipulizia hewa ya moto kwa blowa, akaziondoa rezista zote tatu, kila moja ndogo kuliko punje ya ufuta, na hakutoa hotuba yoyote kuhusu elimu yangu. Mimi nikaweka rezista mbili za omu 4,700 upande wa nje, kwenye volti 3.3, na taa nyekundu ikawaka.

Hapo ndipo ninapolazimika kulegeza kiapo changu. Nilijihesabia mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 15 nikazidisha kwa nne, nikapata 72. Kifaa kikasema 74. Wanafunzi walipanga foleni, na mmoja alipokimbia kuzunguka uwanja akarudi akihema, namba ilipanda mbele ya macho yao, jambo ambalo hakuna mchoro wangu wa ubaoni uliowahi kulifanya. Ni kweli kwamba ukibonyeza kidole kwa nguvu damu husukumwa kando na namba huanza kurukaruka, na ukitikisika kidogo huweza kukupa mapigo ya sungura. Mgonjwa asikitegemee kamwe. Kwa darasa, hata hivyo, kinatosha, na pengine ningekinunua tena, ilimradi fundi wangu yupo.

Juzi nilipita dukani kwa muuzaji yule nikiwa nacho, kinafanya kazi, nikakiweka juu ya meza yake. Alikitazama, akaniomba nirudishe kidole apige video aiweke WhatsApp, kwa kuwa bado anazo bodi nyingi za aina hiyo. Nilipotazama namba, ilikuwa 103.