TAHADHARI: Anayeuza "leseni ya teksi ya Uingereza" kwenye vijiwe vya Mbeya ni tapeli

Ndugu zangu madereva wa teksi, bajaji na bodaboda wa Mbeya, na nyie wa Tunduma, Makambako na Iringa ambako nasikia ameshafika: kuna kijana mtanashati, mpole wa maneno, anapita vijiweni akiuza mchongo wa Uingereza. Anasema halmashauri za kule zina uhaba wa madereva wa teksi, yeye ana mtu wake ndani, na ukitoa hela leseni ya halmashauri inatoka ukiwa hapahapa Mwanjelwa, halafu viza inafuata yenyewe. Msimpe hata mia. Kitu anachouza hakipo, na nitaeleza kwa nini hakiwezi kuwepo, maana kusema tu "ni tapeli" haitoshi. Yeye ana majibu ya kila kitu.

Mwenzetu mmoja pale Kabwe ameshapigwa zaidi ya milioni mbili. Bajaji imeuzwa. Mama yake amekopa VICOBA akitegemea viazi vyake vya Isyonje, na marejesho yameanza kudaiwa kabla viazi havijatoka shambani. Huyu si mtu mjinga. Ni dereva mzuri, hanywi, leseni yake ni safi, na ndiyo sababu alichaguliwa. Tapeli hamfuati mlevi asiye na akiba.

Hela haiombwi yote kwa mpigo. Inaanza "ya fomu", kiasi ambacho dereva anaweza kukipata kwa siku chache za kazi. Ikishaingia, inakuja "ya kuhakiki leseni yako ya TRA", kisha "ada ya halmashauri", kisha "bima ya gari utakalokabidhiwa". Kila awamu inatumwa kwa simu, na kila awamu jina linalotokea kwenye muamala ni la mtu mwingine. Sisi wenyewe tunajua ukilipia leseni hapa nchini, iwe TRA au LATRA (mamlaka ya usafiri wa nchi kavu), unapewa kontroo namba na risiti yenye jina la taasisi. Halmashauri ya ng'ambo itapokeaje ada yake kwenye laini ya simu ya mtu wa Mbalizi?

Barua ambayo tapeli alimpa mwenzetu wa Kabwe nimeishika mkononi. Karatasi nzuri, nzito, ina nembo yenye simba wawili na muhuri mwekundu uliochapwa na printa, maana wino wake haukupenya wala kutawanyika kama muhuri wa kugonga. Kichwa cha barua kinasema imetoka idara ya teksi ya halmashauri ya jiji la London. Hapo ndipo niliposhtuka. Kwa London, leseni za madereva wa teksi hazitolewi na halmashauri yoyote. Zinatolewa na Transport for London, mamlaka ya usafiri ya jiji zima, iliyoanza kazi mwaka 2000. Barua pepe iliyoandikwa chini ni ya gmail, wakati halmashauri za kule hutumia anwani zinazoishia na gov.uk. Namba ya simu inaanza na +44 7, ambayo kwa Uingereza ni simu ya mkononi. Ofisi nzima ya jiji inapigiwa kwenye simu ya mfukoni ya mtu mmoja?

Tena barua inasema leseni itakuwa tayari ndani ya wiki sita. Anayetaka kuendesha zile teksi nyeusi za London anatakiwa kwanza afaulu mtihani wa kuijua mitaa kwa kichwa: kama mitaa 25,000 iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, katikati ya jiji. Wenyeji waliozaliwa palepale husomea mtihani huo miaka mitatu au minne, wakizunguka na pikipiki na ramani.

Sasa nje ya London, ni kweli halmashauri ndizo zinazotoa leseni ya udereva teksi. Hapa tapeli anachanganya kweli na uongo, na ndiyo maana watu wanamwamini. Kwa England na Wales jambo hili liko kwenye sheria ya mwaka 1976, na sheria inasema halmashauri isimpe mtu leseni mpaka iridhike kwamba ni mtu anayefaa na wa kuaminika. Angalieni mzigo uko kwa nani. Halmashauri haina kazi ya kuthibitisha kwamba hufai. Wewe ndiye wa kuiridhisha kwamba unafaa, na ikibaki na shaka, shaka hiyo haikubebi.

Wanaridhika vipi? Wanachukua taarifa zako za makosa ya jinai kwa kiwango cha juu kabisa, kupitia taasisi ya serikali iitwayo DBS, na wanaangalia pia kama jina lako limo kwenye orodha ya watu waliozuiwa kufanya kazi karibu na watoto au watu wazima walio katika hali dhaifu. Kama umewahi kuishi nje ya nchi ile, wanataka cheti cha tabia njema kutoka huko ulikokuwa. Unapimwa afya kwa kiwango cha madereva wa magari makubwa. Wanaangalia kama una haki ya kufanya kazi nchini. Halmashauri nyingi zinakupa mtihani wa Kiingereza, wa njia za mji wao na wa kuwalinda abiria watoto. Wakiona jambo lisiloeleweka, unaweza kuitwa mbele ya kamati ya madiwani ukajieleze kwa mdomo wako. Ukikataliwa, unakata rufaa mahakamani. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayofanyika wewe ukiwa umekaa Soweto ya hapa Mbeya unasubiri meseji.

Ukali huu una sababu yake, na mwenye mtoto wa kike ataielewa haraka. Mwaka 2014 ilitoka ripoti ya Profesa Alexis Jay kuhusu mji wa Rotherham, kaskazini mwa England. Ilikadiria kwamba watoto wapatao 1,400 walidhulumiwa kingono pale kati ya mwaka 1997 na 2013, na baadhi ya madereva wa teksi walitajwa kuhusika. Mwaka uliofuata ripoti ya Louise Casey ikaeleza jinsi halmashauri ilivyolegea katika kutoa na kusimamia leseni za teksi. Baada ya hapo kamba ikakazwa. Julai 2020 serikali ikatoa mwongozo kwa halmashauri zote, na ndani yake anayeamua anaambiwa ajiulize: je, ningekubali mtu ninayemjali apande peke yake gari la huyu dereva, saa yoyote ya mchana au usiku? Kama jibu linaegemea hapana, leseni haitolewi. Mwongozo huohuo unashauri aliyetiwa hatiani kwa kosa la ukatili asipewe leseni mpaka ipite miaka 10 tangu amalize adhabu, na aliyetiwa hatiani kwa udanganyifu asubiri walau miaka 7.

Nimekaa sana hapo kwa makusudi. Leseni inayotolewa kwa swali la namna ile hainunuliki kwa mtu wa ndani. Na mimi kama mzazi naona wako sahihi kabisa, natamani na sisi tungeulizana hivyo kabla ya kumkabidhi mtu gari la kubeba wanafunzi.

Kuna suala la leseni yetu pia. Tapeli anasema leseni ya TRA daraja C "inahamishwa". Haihamishwi. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa kule moja kwa moja. Ukihamia Uingereza, leseni ya hapa inakuruhusu kuendesha magari madogo kwa miezi 12, basi. Baada ya hapo unaanza upya kama mwanafunzi: leseni ya kujifunzia, mtihani wa nadharia, mtihani wa barabarani. Na halmashauri inataka uwe umekaa na leseni kamili angalau miezi 12 kabla haijakufikiria kwa teksi.

Halafu viza, na hapa ndipo mchongo wote unapoangukia. Udereva wa teksi haumo kwenye kazi zinazompa mtu viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi. Halmashauri haiajiri madereva wa teksi. Inatoa ruhusa tu, kama LATRA wasivyokuajiri wewe ukichukua leseni ya usafirishaji. Wengi wa madereva wa kule wamejiajiri wenyewe. Ukienda kwa viza ya matembezi huruhusiwi kufanya kazi. Ukienda kwa viza ya mwanafunzi huruhusiwi kujiajiri. Wanaoendesha teksi kule ni watu waliokwisha kuwa na haki ya kuishi na kufanya kazi, na leseni yao haiwezi kupita muda wa ruhusa hiyo.

Kinachoniumiza zaidi ya hela ni hizi karatasi. Huyu kijana anawatengenezea watu "barua ya ajira" na "taarifa ya benki" za kupeleka kwenye maombi ya viza. Wadogo zangu, jina linaloandikwa kwenye fomu ni lako, sahihi ni yako, alama za vidole ni zako. Wakigundua udanganyifu, maombi yanakataliwa na unaweza kufungiwa miaka 10. Leo unataka kwenda kuendesha teksi, kesho mwanao anapata ufadhili wa masomo, wewe huwezi hata kumsindikiza. Na udanganyifu huohuo ndio ambao halmashauri yoyote ya kule ingeutumia kusema huyu si wa kuaminika.

Mkimbana atajibu hivi: "Nyie wa kijiweni hamna taarifa, kuna mkataba mpya." Mwambieni alete anwani ya tovuti inayoishia na gov.uk mfungue wenyewe kwenye simu zenu, si kwenye simu yake. Atasema hela ni ya wakala. Mwambieni sheria ya Uingereza ya mwaka 1973 inamkataza wakala kumtoza mtu hela kwa kumtafutia kazi kama hiyo. Akiwa wakala wa hapa kwetu, aonyeshe kibali chake, mkakiulizie TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Atawaambia pia nafasi zimebaki chache na mwisho ni Ijumaa. Kwa yule mwenzetu wa Kabwe ilikuwa Ijumaa kila wiki.

Kwa aliyekwisha kutoa hela: usitume tena hata kama anasema kiasi hiki ndicho cha mwisho kitakachofungua vilivyotangulia. Usifute meseji kwa hasira au aibu. Tunza ujumbe wa miamala, namba zote, majina yaliyotokea, barua na picha. Piga simu kwa mtandao wako mapema ueleze muamala, kisha nenda polisi ukafungue jalada, maana sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015 ipo kwa mambo kama haya. Namba zinazotuma hizo meseji zipelekeni 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Na wenye barua zake msizichane wala msizipeleke ubalozini kama vielelezo vya maombi.

Wenyeviti wa vijiwe, naomba hili lisomwe kwenye vikao vyenu vya wiki hii, hasa Uyole, Sae, Mafiati na stendi ya Nane Nane, kwa sababu nimesikia anahama kila akistukiwa. Kule Iringa aliyeko Ipogolo au Mashine Tatu awaambie wenzake. Msimpige akija, tafadhali. Mkalisheni, mpigieni polisi, kwa sababu mama wa Isyonje anahitaji hela yake irudi na huyu ndiye pekee anayejua ilikokwenda. Kwa wale ambao wana barua na hawana uhakika nayo, mimi niko Kabwe jioni, upande wa teksi. Njooni nayo tuisome pamoja kabla hamjalipa awamu nyingine.