Zoom H1essential: Kinasa Sauti Kisichopasuliwa na Kigelegele

Assalamu alaykum wenzangu, karibuni tena. Vaeni hedifoni kabla sijaenda mbali, maana leo kazi yote ni ya masikio. Sikilizeni hii kwanza.

Hapo mwanzo ni mamangu mdogo, yuwanong'ona, yuwauliza kama mlango umefungwa. Halafu pale pale alipokaa, bila kusogea hata kidogo, akapiga kigelegele. Kimoja, kirefu, cha harusi. Mmesikia kilivyotoka? Kimekuja chote. Hakuna mkwaruzo, hakuna kupasuka. Na ule mnong'ono mmeusikia silabi kwa silabi. Maiki ni ile ile na mimi sikugusa kitu, kwa sababu kwenye hiki kinasa hakuna kitufe cha geini, yaani cha kupandisha na kushusha nguvu ya maiki, cha kugusa.

Ndicho hiki. Zoom H1essential. Chaingia mfukoni. Maiki mbili zimepishana huku juu, kioo kidogo, kitufe kikubwa chekundu, betri mbili za AAA ambazo duka lolote la mtaani unazipata, na memori kadi hapa ubavuni. Mengine yameandikwa kwenye boksi, someni. Mimi nimekuja kwa jambo moja, nalo ni rekodi ya biti 32 floti, namna ya kuandika sauti kwa namba isiyokata kilichozidi, na wallahi leo nitalizungumza mpaka nichoke.

Kama umewahi kupewa kazi ya kurekodi harusi hapa Mombasa, wajua shida yenyewe. Muimbaji yuwaanza taratibu, wewe wapandisha geini ili umpate vizuri. Mara bibi harusi huyo, aingia. Chumba kizima vigelegele, chapuo na vumi zaanza, makofi, watoto wapiga kelele. Rekodi ishaharibika. Mkono ukifika kwenye kitufe umechelewa, na kesho yake ukifungua faili wakuta mawimbi yote yamekatwa juu bapa. Na ile dakika ya bibi harusi kuingia hairudiwi. Huwezi kumwambia atoke aingie tena.

Sababu yake ni hii. Rekodi ya biti 16 au 24 ina dari, na dari hiyo yaitwa sifuri. Sauti ikifika pale, kilichozidi chakatwa, na kikishakatwa hakuna fundi wala programu itakayokirudisha jinsi kilivyokuwa. Ndiyo maana tulifundishwa kuacha nafasi juu, kurekodi chini chini kwa tahadhari. Lakini ukirekodi chini mno, siku ya kupandisha wapandisha na mvumo wa feni pia. Kwenye floti, namba iliyopita sifuri yaandikwa vile vile ilivyo, haikatwi, na wewe waishusha baadaye ukiwa umekaa na chai yako. Ndani ya mashine kuna vigeuzi viwili vya kubadilisha umeme wa maiki kuwa namba, kimoja cha sauti ndogo, kimoja cha sauti kubwa, na mashine yenyewe yaviunganisha bila wewe kuhisi.

Tazameni kioo cha kompyuta yangu sasa. Hii ni Audacity, programu ya kuhariri sauti, ya bure, na yenyewe kwa kawaida yafanya kazi kwa biti 32 floti, kwa hivyo hamhitaji kununua kitu. Hii faili ni honi ya tuktuk niliyorekodi kwa karibu sana. Mwaona mawimbi yamejaa mpaka juu, yamekuwa kama ukuta? Mtu yeyote akiona hivi atasema tupa. Sasa nachagua yote, naenda kwenye kuongeza sauti, lakini badala ya kuongeza naandika hasi 12, hizo ni desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti. Nakubali. Haya, tazameni. Vilele vimetokea! Vyote, mviringo wake kamili, havikukatwa. Ngoja nirudie taratibu kwa ambaye hakuona. Kabla: ukuta. Nashusha desibeli 12. Baada: vilele. Na sikilizeni: honi, halafu nyuma yake kwa mbali kondakta wa matatu yuwaita abiria, yuwasikika.

Sasa hii ya pili, chini ya ile, ni honi hiyo hiyo kwa biti 16. Nashusha vile vile desibeli 12. Imeshuka, ndiyo, lakini juu imebaki bapa. Ukuta umekuwa mfupi tu, bado ni ukuta. Na sauti yake… sikilizeni huo mkwaruzo. Hapo ndipo tofauti ilipo, na kwa mtu anayefanya filamu peke yake, kamera mkononi mwake, hana mtu wa sauti, hii kwangu ni kubwa kuliko lenzi mpya.

Ila msidanganywe na video nyingine. Kuna watu wasema floti haiwezi kupasuka kabisa. Si kweli. Watawatajia kwamba biti 16 yabeba kama desibeli 96, biti 24 desibeli 144, na floti zaidi ya 1,500, na hesabu hiyo ni sahihi, lakini ni hesabu ya faili. Maiki ni kitu kingine. Maiki za hiki kinasa mwisho wake ni desibeli 120. Ukikiweka juu ya spika ya matatu inayotingisha vioo, maiki yenyewe yaelemewa kabla namba haijaandikwa, na hapo utashusha mpaka uchoke. Sogea hatua mbili nyuma. Zumari pia, msiisogelee. Zumari ni kali kuliko umbo lake.

Tukiwa kwenye muziki, nataka niwachezee kitu nikipendacho. Hii ni taishokoto. Watoto wa siku hizi wengi hawaijui: kile chombo cha nyuzi chenye vibonyezo kama vya taipureta, kilichozaliwa Nagoya, Japani, mwaka 1912, kikaja kukaa kwenye taarab ya Mombasa mpaka kikawa chetu. Na Zoom nayo ni kampuni ya Japani, kwa hivyo hapa Mjapani yuwamrekodi Mjapani kwa mpigo wa Mvita! Taishokoto ni ngumu kurekodi kwa sababu ule mguso wa kwanza wa uzi ni mkali sana, halafu mlio wapungua haraka. Kwa vinasa vyangu vya zamani ilikuwa ama napata mguso umepasuka ama napata mkia wa sauti umezama. Sikilizeni hapa, mguso upo, mkia upo, na hata kidole kikiachia kibonyezo kwasikika. Tak. Kile kidole ndicho kinachonifanya niamini kuna mtu amekaa mbele yangu yuwapiga.

Na jambo la heshima, dada zangu na kaka zangu. Kesha la kina mama ni la kina mama. Hata kama ni sauti tupu bila picha, omba ruhusa kwa wenye harusi kwanza, na kama hawajakubali, rekodi isitoke nje. Niliyowachezea leo ni ya sebuleni kwetu, na mwenyewe ameniruhusu.

Kwa upande wa gemu. Wengi mwauliza ule mchezo wetu wa tuktuk umefika wapi. Upo, twautengeneza kwa Godot, programu ya kuundia gemu, na sasa una sauti za kweli. Nilikaa kiti cha nyuma, kinasa mkononi, dereva aliwasha, akatulia, akapanda mpaka juu, akashuka. Kutokana na hapo nimekata vipande vitatu vya injini: ikiwa imesimama, ikienda wastani, ikikimbia. Kwenye mchezo vyazunguka bila kukatika na mlio wapanda kadiri ya mwendo. Kwa gemu floti yakusaidia siku ya kurekodi tu, maana ndani ya mchezo sauti nitaitia kwa biti 16 au kwa Ogg, aina ya faili iliyobanwa, nyepesi. Lakini siku ile injini na honi na shimo la barabarani vyote vilikuja kwenye faili moja, na vyote vyatumika. Lile shimo limekuwa sauti bora kabisa kwenye mchezo mzima!

Sasa upepo. Hapa nakasirika, tena sana. Floti haizuii upepo. Nasema tena kwa sababu watu wameniletea rekodi za Mama Ngina, msimu wa kusi, wataka niwasafishie. Upepo wapiga maiki moja kwa moja, ule mvumo mzito wafunika kila kitu, na kuushusha ni kuushusha pamoja na maneno. Kinasa hiki maiki zake ziko wazi kabisa, na boksi langu halikuwa na kofia ya manyoya ndani. Kwa kitu kinachouzwa kwa watu wa kurekodi nje! Sponji nyembamba yafaa ndani ya nyumba, basi. Ufukweni yataka manyoya. Mimi nimenunua kitambaa cha manyoya ya bandia Biashara Street, fundi cherehani akanishonea mfuko mdogo, nauvisha na mpira wa nywele. Sikilizeni: huu ni ufukwe bila mfuko… na huu ni ule ule na mfuko. Mawimbi mmeyasikia sasa? Kabla yake hamkujua kama kuna bahari.

Na mkono. Kila ukisogeza kidole, kinasa chakiandika kidole. Kifungeni kwenye kijiti au tripodi ndogo, kina tundu la skrubu. Hapo sina la kuongeza.

Kwa wenye filamu, hakina taimkodi, ile alama ya saa ya kuoanisha sauti na picha. Piga kofi mbele ya kamera kabla ya kila teki, halafu uoanishe kofi na picha. Na mkumbuke sauti yatembea kama mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo kwa video ya fremu 30 kwa sekunde, kinasa kikiwa mita 11 kutoka kwa muigizaji, sauti ishachelewa karibu fremu nzima. Kiwekeni karibu, kificheni kwenye kikapu, nyuma ya birika, popote. Kwenye filamu yetu fupi ya Mji wa Kale kimekaa ndani ya kapu la mahamri. Ikishakamilika kuihariri mtaiona hapa kwanza, na kuanzia sasa video za chaneli zatoka Ijumaa usiku, maana Jumapili wengi mwalala mapema.

Mtaniuliza kuhusu vinasa vingine. Zoom H1n, ndugu yake mkubwa, ni wa biti 24 na ana kitufe cha kuzungusha cha geini. Ukimpata kwa bei ya chini na wewe warekodi mahojiano ya mtu mmoja chumbani, mchukue, utapata sauti nzuri. Tascam DR-05X ni biti 24 vile vile, ila DR-05XP ina floti, na nikiipata mkononi nitaiweka ubavuni mwa hii. Kama kazi yako ni kuzungumza ukitembea, hiki kinasa si chako kabisa, wewe wataka maiki ya kubandika kifuani, na DJI Mic 2 yarekodi floti ndani yake pia. Na kama una maiki kubwa za XLR, zile za waya wa pini tatu, nenda Zoom H4essential, ina matundu mawili. Hii haina.

Bei. Kilipotoka 2024 kilitangazwa kwa dola 99.99. Kwa shilingi 130 kwa dola hiyo ni kama 13,000, kabla ya usafiri na VAT ya asilimia 16. Kwa hivyo muuzaji akikwambia 18,000 na risiti na dhamana, hesabu yake yaeleweka. Akikwambia 28,000, mwambie umefika dukani kwake kwa ferry ya Likoni, hukushuka kwenye meli ya watalii. Wekeni na ya memori kadi pia. Floti ya stereo kwa 48 kHz yala kama MB 23 kwa dakika, karibu GB 1.4 kwa saa, kwa hivyo kadi ya GB 32 yawapa kama saa 23. Inatosha harusi na siku ya pili yake.

Nimesahau, kuna aliyeniuliza kwa niaba ya kakake asiyeona. Ndiyo, kinasa hiki chaweza kusoma menyu kwa sauti, kila ukibonyeza chakwambia uko wapi. Kiswahili hakimo. Kiingereza kimo. Ni jambo zuri sana na ningependa vinasa vyote viwe nalo, na Kiswahili kiingie, maana watu wetu wa redio na kaswida wasioona ni wengi na masikio yao yashinda yetu.

Je, mnunue? Mwenye kurekodi ngoma, taarab, harusi, sauti za filamu au gemu, peke yake, ndiyo, na mnunue manyoya siku hiyo hiyo. Mwingine yeyote angoje nifike kwenye ile Tascam.

Faili zote mbili za tuktuk, ya floti na ya biti 16, nimewawekea hapo chini mzipakue. Zishusheni desibeli 12 wenyewe. Ikiwa ile ya floti nayo imebaki bapa kwenu, niandikieni mwatumia programu gani, kwa sababu kuna za simu ambazo zaigeuza faili kuwa biti 16 pale pale zinapoifungua, na kilichozidi sifuri kimekwisha katwa kabla hujabonyeza chochote. Nikipata majina ya kutosha nitaziorodhesha Ijumaa ijayo.